Maswali ya Mjengo: Jengo la kijani Nairobi linagharimu ngapi, na hiyo pesa inarudi kweli?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kitu kimoja, hizi nyumba za kijani zenye cheti, yaani zilizopangwa zitumie stima, maji na vifaa kidogo, na nimefurahi kwa sababu miaka michache iliyopita hili swali lilikuwa la watu wa Upper Hill na Gigiri peke yao, sasa linaulizwa na landilodi wa mtaani, fundi, chama cha akina mama. Nimejibu chache kwa urefu badala ya nyingi kwa haraka. Twende.

*

*Habari ya kazi. Niko na ploti ya hamsini kwa mia huku Kahawa West, nataka kupandisha fleti 20 za chumba kimoja cha kulala. Akitekti wangu ni kijana mzuri lakini amenijia na maneno ya cheti cha EDGE, anasema ni kitu kidogo tu juu ya bajeti. QS, yule wa kukadiria gharama, naye anasema itapanda sana. Pesa yangu ni ya pensheni na mkopo wa Sacco. Nimwamini nani? — Mzee wa Kahawa West*

Mzee wangu, wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli, inategemea kila mmoja ameanza kuhesabu wakati gani. Akianza michoro ikiwa bado ni penseli, ni kitu kidogo. Akianza slabu ya pili ikishamwagwa, QS wako ako sawa kabisa, itapanda.

EDGE ni mpango wa IFC, ule mkono wa Benki ya Dunia unaoshughulika na biashara za watu binafsi. Sharti lake si gumu kueleza: jengo lako litumie angalau asilimia 20 chini ya jengo la kawaida la hapa kwetu kwa vitu vitatu, stima, maji, na ile kaboni iliyotoka wakati wa kutengeneza simiti, chuma na mawe yenyewe. Vyote vitatu, sio ufanye vizuri kwa stima halafu maji uachilie. Programu yao iko kwa intaneti na ni ya bure, kwa hivyo huyo kijana anaweza kuingiza michoro yako leo jioni bila kulipa mtu yeyote na kesho mkae mezani mkiona uko asilimia ngapi. Hiyo ifanyike kabla hamjaendelea kubishana, tafadhali.

Pesa zenyewe ni za aina mbili na watu huzichanganya. Kuna pesa ya karatasi: ada ya kusajili, ada ya cheti inayopimwa kwa ukubwa wa jengo, na malipo ya mkaguzi anayekuja kuhakikisha. Hesabu zake kwa kawaida ziko kwa dola, kwa hivyo shilingi ikishuka bili yako inapanda hata kama hakuna mtu amekuongezea bei. Halafu kuna pesa ya mjengo wenyewe, na hapa ndio watu huogopa bure. Mwaka 2013 World Green Building Council ilikusanya tafiti za nchi mbalimbali ikaona watu wa sekta walikuwa wanakisia gharama ya ziada inaweza kufika asilimia 29, lakini majengo ambayo hesabu zake zilipatikana yalikuwa kati ya karibu sufuri na asilimia 12.5. Zile za juu ni za majengo makubwa yanayotaka daraja la juu kabisa. Fleti 20 za Kahawa si hizo.

Sasa nikuambie penye faida iko, na mengi hayahitaji hata cheti. Nairobi iko karibu na ikweta, jua la mchana linapita juu juu, kwa hivyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unaukinga na kipande cha slabu kilichotokeza tu. Shida ni upande wa magharibi, saa kumi jua liko chini linaingia ndani moja kwa moja na hakuna slabu italizuia. Najua ploti ya hamsini kwa mia haikupi uhuru wa kugeuza nyumba unavyotaka, barabara ndio inaamua, lakini unaweza kumwambia akitekti aweke ngazi, bafu na stoo upande huo wa jua la jioni na vyumba vya kulala viangalie kwingine. Hiyo ni bure. Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, nyumba iliyopangwa vizuri huku haihitaji easi, ile mashine ya kupoza hewa, hata siku moja.

Halafu maji, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu ndio pesa yako wewe landilodi. Choo cha zamani kinamwaga kama lita 9 kila ukiflashi. Choo cha vibonye viwili kinamwaga lita 3 kwa haja ndogo na 6 kwa haja kubwa. Mtu mmoja tuseme anaflashi mara tano kwa siku, nne haja ndogo na moja kubwa, cha zamani ni lita 45, cha vibonye ni lita 18, umeokoa 27. Nyumba 20, watu watatu kila nyumba, ni watu 60, hiyo ni lita 1,620 kwa siku, na kwa mwezi ni lita 48,600. Piga hesabu ya bauza za lita elfu kumi uone ni karibu tano kila mwezi ambazo hutaita wakati mgao umebana. Na umebadilisha choo tu, bado hatujaongea shawa wala mabomba ya sinki.

Kitu kimoja ambacho lazima nikuambie wazi ni kwamba akiba nyingine haitakuja kwa mfuko wako. Instanti shawa ya kilowati 5, mtu akioga dakika kumi amekula karibu yuniti 0.8, familia ya wanne ni kama yuniti 100 kwa mwezi. Tuchukue shilingi 27 kwa yuniti, hiyo ni shilingi 2,700 ya tokeni. Ukiweka sola ya kuchemsha maji wewe ndio umetoa pesa, mpangaji ndio amefurahia tokeni. Usipopata njia ya kurudisha kwa rent, au kwa watu kukaa miaka bila kuhama, hiyo sehemu itakuumiza. Na mpangaji wa Kahawa akija kuangalia nyumba haulizi cheti, anauliza maji huja siku ngapi.

Kwa hivyo ushauri wangu kwako: jenga kijani, vyoo, madirisha, tangi la maji ya mvua, hollow poti (matofali yenye uwazi ndani) kwa slabu badala ya zege tupu kwa sababu inapunguza simiti na uzito pia. Cheti chenyewe kilipie tu kama kuna benki imekuandikia, narudia imekuandikia, kwamba itakupunguzia riba ukiwa nacho.

*

*Hi, nimeona apartment inauzwa Kileleshwa, bado ni shimo tu lakini brosha imejaa majani na imeandikwa "green certified". Bei iko juu kuliko ya jirani. Ni nini natakiwa kuuliza kabla nitoe deposit? — Dada wa South B*

Dada, swali la kwanza: jengo ambalo bado ni shimo limepata cheti gani? Hakuna uongo hapo lazima, kwa sababu EDGE inatoa cheti cha awali kwa michoro, halafu cheti cha mwisho baada ya mjengo kuisha na mkaguzi kupita. Brosha inaweza kuwa inasema ukweli kuhusu michoro. Wewe unanunua nyumba, hununui michoro. Omba cheti cha awali ukione kwa macho yako, jina la mradi lifanane, na miradi yao huwekwa kwa tovuti ya EDGE kwa hivyo tafuta mwenyewe. Halafu mwambie wakili wako aweke kwa mkataba wa mauzo kwamba cheti cha mwisho kitatolewa, na kisipotolewa unarudishiwa kiasi fulani. Developa mwenye nia safi hatakataa kabisa hiyo sentensi, atabishana tu kuhusu kiasi.

Uliza pia ni daraja gani. Asilimia 20 ndio ya kuanzia, kuna nyingine ya juu inayotaka nishati ipungue kwa 40. Wakikuambia ni LEED, cheti kingine cha Marekani, yenyewe inaenda kwa pointi, 40 ndio unaanza kupata cheti, 50 ni Silver, 60 Gold, 80 Platinum. Mtu akikuambia "ni LEED" bila kusema ngapi, hajakuambia kitu.

Sasa kile kinaniuma zaidi. Hiki cheti hakipimi nguvu ya jengo. Hakiangalii nguzo, hakiangalii msingi, hakijui kama kokoto ilikuwa safi. Sisi wa Nairobi tuko na kumbukumbu ya Huruma, Aprili 2016, ghorofa liliporomoka usiku wa mvua na watu karibu 50 wakafa. Kwa hivyo kabla ya majani ya brosha uulize mambo ya kawaida: michoro imepitishwa na kaunti? Mradi umesajiliwa NCA, mamlaka ya ujenzi? Leseni ya NEMA, wale wa mazingira, iko? Injinia wa structure ni nani na anakuja site lini? Zikikosekana hizo, hata cheti kiwe cha dhahabu usitoe hata shilingi.

Na mwisho angalia service charge. Paneli za sola kwa kawaida hupewa waranti ya utendaji ya kama miaka 25 lakini inveta na betri haziishi hivyo, tegemea kubadilisha kwa kama miaka kumi hivi. Kama hakuna mfuko unaowekewa hiyo pesa pole pole, mwaka wa kumi mtaitwa mkutano wa wenye nyumba muambiwe mchange, nusu watakataa, na paneli zitabaki juu ya paa hazifanyi kazi. Uliza paa ni la nani pia. Chini ya sheria ya Sectional Properties ya 2020 unafaa kupata hati yako ya nyumba na sehemu yako ya vile vitu vya pamoja, hakikisha sola na tangi ziko kwa vile vya pamoja, sio mali ya developa anayewauzia stima yenu wenyewe.

*

*Chama chetu tumeweka akiba, tunasikia majengo ya kijani yanakua haraka sana na kuna bondi zake. Tuingie? — Mweka hazina, Buruburu*

Mama mweka hazina, yanakua kweli, lakini hebu tuangalie yanasukumwa na nani ndio ujue mahali pesa yenu itasimama.

Hapa Nairobi tulianza na majengo ya watu wakubwa. Ofisi mpya za Umoja wa Mataifa Gigiri zilifunguliwa 2011 zikiwa na mita za mraba 6,000 za paneli juu ya paa. Garden City pale Thika Road waliweka sola juu ya maegesho ya magari. Kile mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi ni maktaba ya chuo cha Catholic kule Lang'ata, hewa inavutwa kupitia kitanda cha mawe chini ya jengo inapoa, halafu ikipata joto inapanda na kutokea kwa mabomba marefu juu, hakuna easi inaunguruma. Hayo majengo yalionyesha inawezekana, lakini hayakuleta pesa ya mtu wa kawaida.

Pesa ililetwa na Acorn, wale wa hosteli za wanafunzi, Qwetu na Qejani. Mwaka 2019 waliuza bondi ya kijani ya kwanza Kenya, yaani walikopa kwa wawekezaji ili wajenge kijani, shilingi bilioni 4.3, miaka 5, riba asilimia 12.25, na Januari 2020 ikaorodheshwa hapa NSE, soko letu la hisa, na London pia. Hosteli zilitakiwa kupata cheti cha EDGE. Mwaka huo huo wa 2019 Finance Act iliondoa kodi kwa riba ya bondi za namna hiyo. Ona sasa cheti kilifanya kazi gani pale: kilimwezesha mtu aliye mbali, ambaye hawezi kuja kupima vyoo, kuamini kwamba pesa yake imeenda mahali ilisemwa itaenda. Hiyo ndio kazi kubwa ya cheti kwa maoni yangu. Ukijenga kwa pesa yako na unakaa hapo hapo, hauna mtu wa kumshawishi.

Na msukumo unaendelea kutoka upande huo huo wa pesa. CBK, Benki Kuu yetu, ilizipa benki mwongozo wa hatari za tabianchi mwaka 2021, na 2025 ikatoa orodha inayosema ni mkopo gani unaweza kuitwa wa kijani. NSE nayo 2021 ilitoa mwongozo wa kampuni kuripoti mambo ya mazingira, kwa hivyo kampuni iliyoorodheshwa ikitafuta ofisi ya kukodi inataka jengo ambalo litaipa namba za kuandika kwa ripoti. Kanuni mpya za ujenzi nazo zilianza kutumika Machi 2025 zikachukua mahali pa zile za 1968.

Lakini mama, bondi ya kijani ni deni kama deni lingine. Rangi ya kijani haiongezi uwezo wa mtu kulipa. Ile ya Acorn ilikuwa na kitu ambacho watu husahau kutaja, GuarantCo, kampuni ya kudhamini mikopo, iliweka dhamana ya nusu ya pesa. Mkiletewa nyingine, swali lenu la kwanza liwe nani amedhamini na kiasi gani, la pili wapangaji watatoka wapi, la tatu ujenzi umefika wapi, na cheti kiwe la nne. Na mkumbuke serikali hubadilisha mambo. Vifaa vya sola viliwekewa VAT 2020, hiyo VAT ikaondolewa 2021, na mtu aliyekuwa ameagiza kontena katikati ya hapo hesabu yake iliharibika bila kosa lake. Mtu akiwaletea faida ambayo yote imeegemea msamaha wa kodi, mwambieni awapigie hesabu hiyo hiyo tena bila msamaha.

Kama mmemwelewa mtu wa bondi na amejibu yote, wekeni sehemu. Sio akiba yote ya chama, akina mama wengine wanategemea hiyo pesa kwa karo Januari.

*

*Mimi ni kontrakta NCA 6, Kariobangi. Mteja anataka jengo lipate cheti na kwa mkataba ameandika kontrakta atahakikisha jengo limepata. Nisaini? — Boss wa mjengo*

Hapana ndugu yangu, hivyo ilivyoandikwa usisaini. Hili ndilo swali nimelifikiria zaidi mwezi huu.

Nikupe kisa cha Marekani kwa sababu wao walitangulia kuumia. Huko Maryland kulikuwa na jengo la makazi linaitwa Captain's Galley, mkataba ukasema litajengwa kufikia LEED Silver. Mwenye jengo alikuwa anategemea punguzo la kodi la jimbo ambalo linakuja na hiyo daraja. Cheti hakikupatikana kwa wakati, punguzo likapotea, na akamdai kontrakta dola 635,000 kwa hiyo hasara. Kesi iliisha kwa maelewano, lakini kila wakili wa ujenzi aliyeisoma alijifunza kitu kimoja: hakuna mtu alikuwa ameandika vizuri ni nani anabeba hasara cheti kikikosa.

Angalia wewe ulivyo. Asilimia nyingi za hiyo alama zimeamuliwa na akitekti kwenye michoro, ukubwa wa madirisha, ukuta gani, paa gani. Mteja naye anaweza kubadilisha mawazo katikati akataka vioo kutoka juu hadi chini. Halafu wewe wa mwisho ndio uhakikishe? Ahidi kile kiko mikononi mwako: kwamba utajenga kulingana na michoro na BQ (ile orodha ya kazi, vifaa na bei), utanunua vifaa vilivyoandikwa, hutabadilisha bila ruhusa ya maandishi, na utaweka ushahidi. Matokeo ya cheti yawe ya mteja na timu yake ya usanifu. Na hata akitekti asikimbilie kuahidi, bima nyingi za taaluma zinafunika uzembe, hazifunikii mtu aliyejifunga mwenyewe kuhakikisha matokeo.

Huo ushahidi sasa, ndio mahali mafundi wetu huangukia. Mkaguzi akija mwisho anakuta ukuta umepigwa ripu na kupakwa rangi, hawezi kuona ndani kuna nini. Anataka delivary noti, risiti, picha za slabu hollow poti zikiwa zimepangwa kabla zege halijamwagwa, karatasi ya kioo ikiwa na namba za kiwanda, picha ya lebo ya choo. Weka mtu mmoja site kazi yake iwe hiyo, apige picha kila Ijumaa, aweke kwa folda yenye tarehe. Ni kazi ya simu tu. Nimeona mjengo mzuri kabisa ukipoteza alama za vifaa kwa sababu risiti zilikuwa zimelala kwa dashibodi ya pikapu ya foremani mpaka zikafutika.

Na ile tabia ya "hadiwea imeisha, leta hiyo ingine ni karibu sawa" iachwe. Choo cha lita 9 na choo cha lita 3 kwa 6 ukiviangalia kwa nje ni karibu sawa. Kwa hesabu ya EDGE ni mbali kama nilivyomwonyesha Mzee wa Kahawa hapo juu. Kifaa kikikosekana mpigie akitekti, abadilishe kwa maandishi, aangalie alama kwanza.

Sola isiwekwe na fundi wa kuokota. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, inatoa leseni za T1, T2 na T3 kulingana na ukubwa na aina ya mtambo, uliza namba ya leseni na daraja kabla hajapanda ngazi, moto wa paa ukitokea bima itauliza hilo swali kabla yako.

Na uweke bei ya hii kazi yote kwa tenda yako. Makontrakta wadogo wanabeba hayo makaratasi bure halafu wanashangaa faida imeenda wapi.

*

*Niko mwaka wa tatu usanifu. Lecturer anasema stima ya Kenya karibu yote tayari ni safi, Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Sasa jengo la kijani Nairobi linaokoa kaboni gani? — Mwanafunzi, Juja*

Swali zuri sana kijana, endelea hivyo. Ni kweli, kama asilimia 90 ya stima yetu inatoka kwa mvuke, maji, upepo na jua. Kwa hivyo ukipunguza stima Nairobi umeokoa bili, na umepunguza jenereta za dizeli ambazo huwashwa stima ikipotea, lakini kaboni uliyookoa ni ndogo kuliko mtu anayefanya hivyo Johannesburg ambako stima ni ya makaa ya mawe. UNEP, ambao wako hapa hapa Gigiri, wanasema majengo na ujenzi ni kama theluthi moja ya hewa chafu ya dunia inayotokana na nishati na viwanda, na mjadala wa nchi nyingi umekaa kwa easi na hita. Kwetu uzito uko kwa simiti na chuma. Simiti peke yake ni kama asilimia 7 au 8 ya kaboni ya dunia, na mji unaomwaga slabu kila kona kama huu wetu, kaboni imeshatoka hata mpangaji wa kwanza hajawasha taa.

Kwa hivyo ukienda kwa ubao wako wa kuchorea, usikimbilie paneli. Punguza upana kati ya nguzo ndio slabu iwe nyembamba. Uliza kama besimenti mbili za magari zinahitajika kweli. Tumia mawe ya Ndarugo yaliyokatwa vizuri, uyaache wazi bila ripu, umeokoa simiti ya ukuta mzima na rangi ya miaka yote. Kioo kikiwa kingi punguza, unaleta alumini na joto pamoja. Ukitaka kujifunza vipimo anza na EDGE kwa sababu ni ya bure na ina hesabu za hapa, halafu usome Green Star, cheti kingine ambacho Kenya Green Building Society imekuwa ikikisimamia huku, na AAK, chama cha wasanifu majengo, nao wako na Safari Green Building Index ya kwao. LEED na BREEAM ya Uingereza utazikuta ukifanya kazi na mteja wa kigeni.

*

*Niko na nyumba za mabati kumi Kayole, za kupangisha. Haya mambo ya kijani ni ya matajiri tu ama pia mimi naweza? — Mama wa Kayole*

Unaweza mama, na cheti usijali nacho kabisa. Joto la nyumba zako linatoka juu, kwa hivyo pesa ya kwanza iende kwa siling, hata ya bodi rahisi, na uache nafasi ya hewa kutoka kati ya siling na mabati pande zote mbili. Mabati ya kupitisha mwanga weka kipande kimoja kwa kila nyumba upande ambao haupigwi na jua la jioni, wapangaji wataacha kuwasha taa mchana.

Halafu gata. Milimita moja ya mvua kwa mita moja ya mraba ni lita moja, na Nairobi tunapata kama milimita 900 kwa mwaka. Paa lako likiwa mita 100 za mraba hiyo ni lita 90,000, toa moja ya tano inayopotea, umebaki na 72,000. Hutaweza kuyahifadhi yote kwa sababu mvua ya Aprili inakuja kwa pamoja, lakini tangi mbili za lita elfu tano zitajaa na kuisha mara nyingi kwa msimu, na hayo ni maji ya kufua, kuosha na choo ambayo hujanunua kwa mtungi. Maji ya dakika za mwanzo za mvua yaache yamwagike kwanza kwa sababu yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege, weka wavu kwa mdomo wa tangi mbu wasiingie, na gata zioshwe Machi kabla masika hayajaanza na tena Oktoba kabla ya vuli.